Mkono wa Kulia wa Bibi Yako

Mwanangu Raya,

Umetoka na bibi yako baada ya Adhuhuri kwenda mitaa ya Ng'ambo kuwaaga watu, na najua hamrudi mapema, maana hakuna nyumba itakayokubali mpite bila ya kunywa chai. Nyumba imenyamaza. Nimekaa chini ya dirisha la uani, daftari la skuli liko juu ya magoti yangu. Nina maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayaharibu, kama nilivyokwisha kuharibu mengine mengi, kwa hiyo nayaandika. Karatasi nitaitia baina ya kanga zako. Utaisoma kesho ukiwa melini.

Sitakuandikia habari za kufua wala za kula, wala za watu wa kukaa nao na watu wa kuwaepuka. Hayo bibi yako anakwambia tangu Ijumaa, na atakayoyasahau wanawake wa Ng'ambo watamkumbusha. Nakuandikia juu ya dole gumba lake. Najua utacheka. Mtu anasafiri kwenda skuli bara, mama yake anamwandikia barua ya kidole!

Lakini juzi jikoni, ukichagua mchele, uliniambia bila ya kuniangalia, "Mama, naona niwaandikie watu wa skuli waniwekee nafasi yangu mpaka mwakani. Bibi hawezi peke yake." Nikakujibu, "Usinitie wazimu," nikatoka nikakuacha na ungo wako. Hukustahili jibu lile. Hasira zilikuwa zangu mimi juu ya nafsi yangu, na zina umri wa miaka mitano. Nataka uzijue zimetoka wapi, ili kesho uondoke bila ya kuubeba mkono ule.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili yalipoanza haya. Mimi nilikuwa na ishirini na tisa, nasomesha darasa la tatu, na nilijiona najua kila kinachoweza kujulikana kwa kusoma. Bibi yako akaanza kulifungua kopo la samli kwa kulibana kwapani. Akaanza kuuzungusha ufunguo wa mlango mkubwa kwa mikono miwili. Nilimuuliza ana nini, akasema, "Sina kitu. Ufunguo umeingia kutu." Ufunguo haukuwa na kutu. Kilichomuuma ni shina la kidole gumba cha mkono wa kulia, pale kinapokaribia kifundo, na kila akibana kitu baina ya kidole kile na cha shahada alihisi kama anachomwa msumari. Hakulalamika. Halalamiki, na hilo ni moja katika mambo yake yanayonichosha.

Na kazi yake, unaijua, yote ni kubana na kukandamiza. Mtaani kwetu Kiponda mwanamke akijifungua, kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka Bi Zuwena ameshaitwa. Siku arubaini za kumkanda mzazi: asubuhi maji ya moto, kisha mafuta, madole gumba mawili yanashuka mgongoni na kuzunguka tumboni, halafu mkaja, ile nguo ndefu ya kumfunga tumbo, anauvuta mpaka mzazi anatoa pumzi yote. Kina mama wanasema mkaja wa Bi Zuwena haulegei mpaka kesho yake. Mimi mwenyewe alinifunga ulipozaliwa wewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikilia kwamba ananiua, naye akiniambia, "Lia, lakini simama wima."

Tulianza na dawa za nyumbani, na wewe ndiye uliyezitwanga. Karafuu na mafuta ya nyonyo. Chumvi iliyokaangwa ikafungwa kitambaani, akawa anajikanda nayo. Bi Moza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaleta bangili ya shaba iliyomponya shemeji yake, kisha akamleta na mtu wa kuumika damu kwa pembe, aliyeuacha mkono una duara nyekundu kama chapa za posta. Mimi niliyacheka yote kwa pamoja. Kumbe ile chumvi ya moto ilikuwa ikimsaidia kweli; kiungo kilikuwa kinalegea, anapata saa moja au mbili za kukunja na kukunjua bila ya kuuma meno. Daktari mwenyewe baadaye aliniambia joto ni zuri, aendelee nalo. Lakini mimi nilikuwa nimeshamtia haya, na mtu akishatiwa haya kwa dawa yake haitumii tena mbele yako.

Nikamletea vidonge vya aspirini. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, vingapi na saa ngapi. Vilimtuliza. Ukaja mwezi wa Ramadhani, akawa anavimeza adhana ya Magharibi ikilia, kabla hata ya tende, kwa sababu ya maumivu aliyoshinda nayo mchana kutwa. Tumbo likamwaka moto mpaka Idi. Kwenye karatasi yangu sikuandika kuwa vidonge vinataka chakula kwanza. Nilidhani kila mtu anajua. Ni neno linalopendwa sana na walimu, hilo.

Ndipo tukaenda hospitali. Daktari alikuwa Mzungu mpole, mwenye kusema taratibu, nami nikafasiri. Wakaupiga picha ile ya mifupa, akatuonesha. Kidole gumba, alisema, kimekaa juu ya kijifupa kama mtu juu ya tandiko la punda, ndiyo maana kinaweza kwenda kila upande. Baina ya mifupa hiyo kuna kitu laini kinachozuia isisagane. Kwa bibi yako kile kitu laini kimelika, mfupa unasaga mfupa. Bibi yako aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Tandiko limechakaa, lakini punda hajachoka."

Dawa ya kwanza, alisema daktari, ni mkono upumzike.

"Upumzike vipi?" bibi yako akaniuliza. "Nitiwe hina nikae kama bi harusi?"

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijapata kukwambia. Mkono wa bibi yako ulipumzika kwa sababu tulitia wako mahali pake. Sikukaa nikalipanga. Siku ya kwanza ulikuna nazi. Ya pili ukakamua nguo. Wiki ya tatu mwanamke wa nyumba ya pili alijifungua, bibi yako akakuchukua, "aje anishikie mafuta tu." Uliporudi niliona vidole vyako vimekunjamana kwa maji ya moto, nikajua hukushika mafuta tu. Wazazi wanakandwa asubuhi, na skuli ni asubuhi, na mmoja wetu ilimbidi akose. Mimi nikavaa buibui langu nikaenda kusomesha watoto wa watu.

Mwaka ule ule nilipita nyumba tatu za mtaa wa Malindi kuwabembeleza kina baba wasiwatoe binti zao skuli. Mmoja wao akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Na wako, Mwalimu, hajambo? Siku hizi simuoni akipita." Nikasema una homa.

Ukarudia darasa. Niliwaambia watu, na wewe nikakwambia, kwamba hesabu zako zilikuwa dhaifu. Hazikuwa dhaifu, Raya. Ulikosa asubuhi nyingi mno. Nilikuacha uamini hivyo mwaka mzima, nikawa nakukalisha jioni kukufundisha kugawanya, nawe unajua kugawanya, unanitazama tu. Daktari akisema "pumzika" hasemi kazi aende nayo nani. Ilikuwa juu yangu kuuliza, na sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo nyumbani, lina miaka kumi na miwili na halisemi hapana.

Mwaka uliofuata nilipoona unarudia kukosa asubuhi, nilirudi kwa daktari mbio kutafuta kitu kingine. Akatupatia banzi. Lilikuwa la ngozi, limekatwa kwa kipimo chake, lina kamba za kufungia kifundoni. Linakishika kidole gumba kisicheze, vidole vingine viko huru. Wiki mbili za mwanzo alilala usingizi wa kweli. Kisha nikaanza kulikuta juu ya kabati, juu ya kifuniko cha mtungi, chini ya mto. Nilimgombeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Ningemuuliza kwa nini analivua angenijibu kwa maneno mawili: udhu na chakula. Mara tano kwa siku maji, mara tatu wali au mkate, na mkono ni huo huo wa kulia.

La udhu nililisikia kwa Bi Moza. Basi nikafunga safari mpaka kwa sheikh, nikamweleza mambo yote. Akanijibu kwa utulivu kwamba dini ina wepesi wake, mwenye banzi la ugonjwa anapangusa juu yake, asijitaabishe. Nikarudi nyumbani kama niliyefaulu mtihani. Bibi yako alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umekwenda kwa sheikh?"

"Nimekwenda, Mama."

"Ukamweleza mkono wangu?"

"Nimemweleza."

"Na mguu hukumweleza? Nna wayo umepasuka. Ungemwambia na huo, umalize mwili."

La chakula ndilo baya zaidi. Katika harusi ya mtoto wa Bi Moza tulikaa wanawake sita kwa sinia moja la biriani. Banzi nilimvalisha mwenyewe kabla ya kutoka, nikamwapisha asilivue. Alijaribu kufinya tonge kwa vidole vilivyobaki, wali ukamwagika mkekani. Akajaribu tena, ukamwagika tena. Nami mbele ya watu nikafungua mkoba wangu nikatoa kijiko. Nilitoka nacho nyumbani, Raya, nimekifunga ndani ya leso. Nikakiweka mbele yake kwenye sinia.

Wote wakaacha kula. Bi Moza akasema, "Eti, Mwalimu! Biriani yangu imekuwa uji?" Wakacheka. Bibi yako hakucheka. Alikitazama kile kijiko, akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu kasoma, jamani. Keshanifunza kuvaa, sasa ananifunza kula." Akazifungua kamba za banzi moja moja, akaliweka nyuma yake, akaosha mkono upya, akala kwa dole lake, na kwa kila tonge nililiona taya lake likikaza. Toka siku ile banzi halikuvaliwa.

Nilimkasirikia miezi. Nilisema ni ukaidi, ni watu watasema nini. Ilinichukua muda mrefu kukumbuka kwamba daktari hakusema banzi livaliwe saa zote. Ni mimi niliyetaka saa zote, kwa sababu mimi nikilishika jambo nalitaka zima. Ningemwambia nyumbani, tuko wawili, "Mama, livue ukila na ukitawadha, livae ukifanya kazi na ukilala," angelivaa mpaka likachakaa. Una tabia hii yangu, nimeiona. Unapofuta jibu moja lenye kosa unafuta ukurasa mzima. Sijui nikwambie nini juu yake, maana mimi sijaishinda, ila uijue kwamba unayo.

Baadaye ikaja sindano. Ilikuwa dawa mpya, watu wakiizungumza kama muujiza, na wanakuchoma kwenye kiungo chenyewe. Bibi yako aliuma ncha ya buibui. Siku chache baadaye akaniita jikoni. Alilishika kopo la samli kwa mkono wa kushoto, akakizungusha kifuniko kwa wa kulia, kikafunguka. "Tazama!" akasema. "Tazama, Mwalimu!" Akakifunga akakifungua tena. Tulicheka mimi na yeye kama wasichana. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo tulipocheka pamoja.

Miezi mitatu mkono ulikuwa mzima, na sisi badala ya kuutunza tukaukamua. Alimkubalia kila aliyemwita, mpaka wazazi wa Kikwajuni, nami sikumzuia, kwa sababu madhali anakanda yeye, wewe uko skuli. Maumivu yakarudi. Sindano ya pili ikachukua wiki tano. Ya tatu daktari alikataa kuiharakisha, akasema dawa ile ikizidi inakidhuru kiungo chenyewe. Nilitoka pale nikitamani kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kupigwa. Na wewe asubuhi ya pili yake uliamka mapema, ukachemsha maji, ukamfuata bibi yako bila ya kuambiwa na mtu.

Ikabaki kisu. Siku hiyo ulikuwapo, ulikaa baina yetu kwenye benchi. Daktari alieleza njia mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha ile mifupa iwe mmoja: maumivu yataondoka na nguvu itabaki, lakini kidole hakitakunjuka vizuri tena, hata kiganja hakitalala sawa juu ya meza.

"Na juu ya msala?" akauliza bibi yako, akiifikiria sijda.

Nikafasiri. Daktari akafikiri, akasema hata juu ya msala.

"Hiyo mwambie aiweke."

Njia ya pili ni kukitoa kile kijifupa kinachosagwa. Maumivu mara nyingi hupungua sana, lakini mkono utafungwa wiki kadhaa, nguvu itarudi pole pole kwa miezi, na huenda isirudi yote.

"Mkaja n'taufunga?"

Labda, akasema daktari, lakini si kama zamani.

Kisha akasema jambo la tatu, nawe ulilisikia. Alisema si lazima kufanya chochote. Ugonjwa huu hauui. Kuna wengi ambao kiungo kikishakakamaa, baada ya miaka, maumivu hupungua yenyewe, wakabaki na mkono mzito lakini unaovumilika. Mwambie mama yako, alisema, kwamba kungoja nako ni njia, na uamuzi ni wake.

Sikumwambia. Nilimgeukia nikamwambia, "Daktari anasema lazima kijifupa kitolewe."

Uliniangalia. Kiingereza nilichokufundisha mwenyewe, neno kwa neno, ndicho kilichokuwa machoni mwako. Hukusema kitu mbele ya daktari, ulinisitiri. Tulirudi nyumbani sote watatu tukizungumza bei ya samaki.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile. Sikumtakia mabaya. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka jambo limalizike, na kisu kinamaliza. Neno "kungoja" lilinitia hasira, kwa sababu kila nikiliona mbele yangu, anayengoja ni yeye na anayekanda ni wewe. Lakini hayo yalikuwa ya kumwambia yeye, akayapima, akasema nikatwe au nisikatwe. Mkono ni wake. Nilimnyang'anya uamuzi kwa lugha asiyoijua, na wizi huo ni rahisi sana katika nyumba ambayo barua zote zinazoingia nazisoma mimi.

Na wewe sasa unakwenda kuongeza lugha ile. Utarudi hapa, na watu watakukalisha baina yao na daktari, baina yao na hakimu, baina yao na karatasi ya serikali. Utaona jambo la kuwafaa wazi kabisa mbele yako, na sentensi moja ndogo imekaa njiani. Hutaamini itakavyokuwa nyepesi kuiruka. Fasiri yote. Hata ile inayokuchoma.

Najua wewe ndiye uliyemwambia bibi yako, na sikulaumu. Alikaa nalo kimya kiasi cha wiki mbili. Jumanne nilikuwa nasahihisha madaftari, akaniita kutoka ukumbini.

"Mwalimu."

"Naam, Mama."

"Yule daktari kasema naweza kungoja."

Nikaweka kalamu chini. "Kasema."

"Basi n'nangoja. Sikatwi. Na siku n'kitaka kukatwa, n'takwenda na mtu mwengine anifasirie."

"Nisamehe, Mama."

"Nshakusamehe zamani. Wewe hunitakii ila kheri, ndiyo maana n'nakuogopa."

Sitakudanganya kwamba nimekubaliana naye. Naamini kuna mkono mzuri zaidi ambao angeweza kuwa nao, na kila nikimuona analibana kopo kwapani nitaudhika, leo na mwakani. Nimejaribu kuitafuta ile subira wanayoisema watu, sijaiona. Nilichokipata ni kunyamaza tu, na hata hicho kinanishinda siku nyingine.

Halafu juzi ukaniambia unataka kubaki. Baada ya kukuacha jikoni vile nilikwenda kumwambia yeye, nikitumai, Mungu anisamehe, kwamba atalia na kunipunguzia lawama. Alikuwa anakunja msala.

"Abaki afanye nini?" akasema. "Huyo mke mwenzangu nilitaka anirithi kazi, sikutaka anirithi dole. Nikimuona humu ndani meli ikishaondoka, n'talikata mwenyewe kwa shoka la kuni, msipate hata la kufasiri."

Basi nani atakanda? Ndilo ulilotaka kuniuliza, na hukupata nafasi kwa sababu nilikukimbia. Nitakanda mimi. Jana asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikaomba kuliacha darasa la tatu nisomeshe alasiri, lile darasa la kina mama wanaoanza kujua herufi. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Darasa lile la tatu nimelijenga mimi, Raya, na limeniuma kulitoa, sitajifanya halikuniuma. Lakini usinionee huruma. Ni asubuhi zako zile zile ninazozilipa, na nimechelewa miaka mitano.

Nilipotoka pale, wewe ukiwa Darajani kununua sabuni, nilipitia kwa Mwanaidi wa nyumba ya kona, aliyejifungua wiki hii. Bibi yako alikuwa ameshatangulia, amekaa juu ya kigoda, lile banzi amelivaa mwenyewe. Sikulisemea neno. Nikakunja mikono ya kanzu, nikapaka mafuta.

"Shuka na uti wa mgongo," akaniambia. "Uti, Mwalimu! Huo si ubao, unafuta nini?"

Mwanaidi akaanza kucheka huku amejishika tumbo. "Bi Zuwena, n'onee huruma, kicheko kinaniuma."

"Nikuonee wewe? Wa kuonewa ni miye. Skuli zote hizo na hajui mgongo unaanzia wapi."

Nikafunga mkaja, ukaanguka miguuni. Nikafunga wa pili, Mwanaidi akasema anaweza kutia mkono mzima ndani. Wa tatu nikauvuta kwa hasira zangu zote, za tangu lile kopo la samli mpaka jana, Mwanaidi akatoa sauti. Bibi yako akainuka, akaupima kwa kidole cha shahada, akazunguka nyuma akaupima tena.

"Huu utafika Adhuhuri," akasema.

Leo vidole vinaniuma, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Si ugonjwa. Ni mikono ya mtu wa miaka thelathini na nne iliyokuwa ikishika chaki tu, na sasa inajifunza kazi ya nyumbani kwao.

Basi nenda. Ukiandika, anza na unayoyasoma, na chumba unacholala, na msichana gani anakuchekesha. Usianze na kuuliza mkono wa Bibi uko vipi. Ukiwa mbaya nitakuwapo mimi, na ukiwa mzuri ataniandikisha yeye mwenyewe, nami nitaandika kila neno kama anavyolisema, na matusi anayonitukana humo humo.

Na kesho bandarini atakupa mkono uubusu. Una desturi, hata hujijui, ya kuupokea mkono ule kwa chini, ukiweka kiganja chako chini ya shina la kidole ili uubebe uzito wake, huku unamtazama usoni uone umemuuma kiasi gani. Umefanya hivyo tangu una miaka kumi na miwili. Kesho usiupime. Ubusu kama wajukuu wa watu wote wanavyobusu mkono wa bibi yao, uuache, upande ngazi ya meli. Ukimuona amekunja uso, jua ni kwa sababu unaondoka.

Mama yako